Habari za Hermenegildi wa Lumemo na Walinzi Wawili wa Kompyuta Yake

Enyi wa Lumemo na enyi wa kijiji cha Mbingu, mlio ng'ambo ya mto na mlio huku, lazeni majembe, epueni sufuria, zimeni redio, mtege masikio! Nawaletea habari ya vita ambayo haikumwaga damu hata ya kumshibisha mbu mmoja, lakini ndani yake heshima ya mwanamume mzima ilining'inia kwenye waya wa kipanya. Asiyetaka kusikia na aende akachote maji, ila akirudi asiombe kurudiwa.

Palikuwa na shujaa, na jina lake Hermenegildi, mshinda matope, mvuna mpunga, mwimba besi hata pale padre aliposema watu wasali kimyakimya. Mkewe ni Serafina, binti yake ni Jenifer. Na alikuwa na shemeji, mdogo wake Serafina, aitwaye Beatus wa Mbingu, mrefu wa shingo na mrefu wa maneno. Tangu siku alipoolewa Jenifer, wababe hawa wawili walikuwa na ugomvi usiosuluhishika: ngoma ya sangula ilipopigwa jioni ya harusi ile, vijana wakaanguka mmoja mmoja kwa uchovu, ni nani aliyebaki wa mwisho uwanjani akicheza? Hermenegildi alisema ni yeye. Beatus akaapa ni yeye. Serafina, kila walipobishana, alipepeta mchele wake na kucheka, wala hakuna aliyemuuliza anacheka nini.

Basi Pasaka iliyopita wakawekeana nadhiri. Video ya harusi imo ndani ya kompyuta ya Hermenegildi, na hajatokea binadamu aliyeitazama mpaka mwisho, maana ni ndefu kama njia ya Mlimba wakati wa masika. Wangeitazama pamoja, na atakayeumbuka atamwamkia mwenzake shikamoo mlangoni pa kanisa, kila Jumapili, mbele za watu, mpaka mmoja wao azikwe. Fikirini, wasikilizaji! Hermenegildi anayemfahamu Beatus tangu hana meno, leo amwamkie? Hiyo si aibu, hiyo ni msiba usio na matanga.

Jumamosi ya hukumu ikapambazuka. Shujaa akaoga, akavaa shati la kitenge, akaketi mbele ya mashine, akabonyeza. Lahaula! Video haikuwapo. Mahali pake palikuwa peupe kama sahani iliyolambwa. Kutoka kona moja ya kioo likachomoza tangazo jekundu: faili la hatari limekamatwa na kufungiwa. Kabla hajalimaliza, likachomoza jingine kona ya pili: programu ya hatari imekamatwa. Feni ndani ya mashine ikavuma kwa hasira, na kipanya kikagoma.

Hapa lazima niseme neno, ingawa naona haya kwa niaba yake. Kompyuta ile ilikuwa na antivairasi mbili. Ya kwanza ilikuja na mashine. Ya pili aliipachika Hermenegildi mwenyewe, kwa hoja ya mkulima wa bonde: shamba la mpunga likiwa na mwamiaji mmoja wa kufukuza ndege, hao hula upande asioutazama, weka wawili, kisha ulale usingizi.

Akasimama, akainyoshea mashine kidole. "Ewe sanduku usiye na shukrani! Nani alikununua? Nani alikushonea kitambaa cha kukufunika vumbi lisikupate? Nami nimekupa walinzi wawili, wenye nyumba za ghorofa hawana hata mmoja! Leo unanificha ushahidi wangu? Itoe video, nakuamuru, itoe!"

"Baba Jenifer," Serafina akaita kutoka jikoni, "unaongea na nani?"

"Naongea na adui!"

"Haya. Muulize kama anakula samaki kitoga, niongeze maji kwenye mchuzi."

Ndipo mapambano yakaanza. Shujaa aliizima mashine na kuiwasha, ikaamka na ugonjwa uleule. Aliifuta kwa kanga ya mkewe. Aliinyunyizia maji ya baraka, lakini kwa mbali, kwa kuogopa shoti. Matangazo mekundu yakazidi kuruka, hili likimfukuza lile. Na katikati ya kishindo hicho simu ikalia.

"Shemeji!" Ilikuwa sauti ya Beatus, na nyuma yake pikipiki ikinguruma. "Nipo kwenye bodaboda, nakuja. Umeshafanya mazoezi ya kuamkia?"

"Njoo tu," Hermenegildi akajibu, na sauti yake ya besi ikawa nyembamba kidogo.

Akachomoa flashi kutoka mfukoni. Humo ilikuwamo antivairasi ya tatu. Mkono wake ulikuwa tayari umefika kwenye tundu, na kama angeichomeka nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia, bali tanzia ya kompyuta. Lakini jicho lake likaanguka tena kwenye yale matangazo, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akayasoma hadi mwisho. Antivairasi ya kwanza ilisema: nimemkamata mwizi, naye ni yule wa pili. Ya pili ilisema: nimemkamata mwizi, naye ni yule wa kwanza.

Shujaa akairudisha flashi mfukoni. Akakumbuka shamba lake la Mofu, mwaka alioajiri waamiaji wawili, Obed huku na Beno kule, kila mmoja na kombeo lake. Siku moja donge la udongo la Obed likampata Beno sikioni. Beno akajibu. Kuanzia hapo walipigana wao kwa wao juu ya vichwa vya mpunga, na ndege wakala kwa raha zao, wakitazama vita.

"Kumbe!" akanguruma. "Kumbe si ndege! Ni Obed na Beno!"

Akaingia kwenye orodha ya programu, akaikamata ile ya pili kwa ncha ya mshale, akaamuru iondoke. Mashine ikamuuliza: una uhakika? Hapo Hermenegildi akavua kofia, maana hata mwamiaji mbaya huagwa. "Ulikuja mgeni, ukakaa. Siku ya tatu nikakupa jembe, ukampiga nalo mwenye nyumba. Nenda salama, wala usinichukie." Akabonyeza. Kioo kikawa cheusi, na Lumemo nzima, naapa, ikanyamaza. Kisha mwanga ukarudi, feni ikatulia, kipanya kikateleza kama kambale. Akalifungua gereza la mlinzi aliyebaki, na humo, katikati ya mahabusu, akaikuta video ya harusi, iliyokamatwa kwa kosa la kuonekana mikononi mwa hasimu. Akaiamuru irudi kwake. Ikarudi!

"Hodi!" Beatus akaita mlangoni.

"Karibu, mwamkiaji!" akajibu shujaa, na besi yake ikatikisa bati.

Wakaketi bega kwa bega. Ibada ikapita, keki ikapita, hotuba za wajomba zikapita zote. Sangula ikaanza, vumbi likapanda, vijana wakapungua. Kisha mpiga picha akaizungusha kamera taratibu, na pembeni mwa uwanja wakaonekana wanaume wawili kwenye viti vya plastiki, soda katikati ya magoti, vinywa wazi, kichwa cha mmoja begani kwa mwenzake, wamelala fofofo. Kamera ikarudi uwanjani. Alibaki mtu mmoja tu, viatu mkononi, kitenge kimefungwa barabara kiunoni, naye alicheza mpaka mpiga ngoma akaomba maji. Alikuwa Serafina.

Serafina akaingia na sinia la wali. "Mbona kimya? Imeharibika tena?"

Nadhiri ni nadhiri: wameumbuka wote wawili, na mshindi ndiye huyo mwenye sinia. Beatus akawahi kusimama, tena kwa furaha. "Shikamoo, dada," akasema, maana ndivyo alivyomwamkia dada yake maisha yake yote, na adhabu ile haikumpunguzia kitu.

Akabaki Hermenegildi. Akainuka polepole, mshinda matope, mtenganishi wa walinzi, akatazama sakafu. "Shikamoo, Mama Jenifer."

"Marahaba, mwanangu," Serafina akasema, akaweka sinia mezani. "Kesho kanisani usisahau. Na iwe kwa besi."

Hivyo basi waambieni watoto wenu kwamba Lumemo aliishi mtu aliyeiponya kompyuta kwa mkono wake, bila fundi, bila mwongozo, kwa elimu ya ndege na makombeo. Tangu siku ile mashine haijakwama hata mara moja. Hermenegildi huiwasha kila Jumamosi jioni, akiomba igome na kuimeza ile video, nayo huwaka vizuri kabisa.