Mwonjaji wa Siri

Profesa hakuwahi kufundisha popote. Jina alipewa kijiweni kwa sababu ya miwani yake, ambayo ilikuwa na fremu nzuri sana na haikuwa na vioo.

Jumanne hiyo alikuwa akipita zake uchochoroni nyuma ya benki, mfuko mtupu na tumbo linanung'unika, alipomwona mama mwenye mgahawa wa Kiitaliano akipigilia msumari ukutani karibu na mlango. Hapakuwa na picha wala kalenda ya kutundikwa.

"Wa nini huo, mama?" akauliza.

"Wa cheti, kaka yangu. Wale wanaopita kimyakimya kuonja vyakula vya migahawa na kuviandika vitabuni, siku wakija kwangu sitaki ionekane sina pa kukitundika."

Profesa akaaga, akaondoka polepole, ingawa miguu ilitaka kukimbia.

Kesho yake alirudi, akaagiza kahawa, akainywa huku anatazama dari na kuandikaandika, kisha akaondoka na kusahau daftari mezani. Alilisahau kwa uangalifu mkubwa, jalada likiangalia juu: MWONJAJI WA SIRI, ASIJULIKANE. Ndani aliandika: "Ijumaa, saa moja jioni, watu watatu. Niangalie wanavyomtendea mgeni wa kawaida." Aliporudi kulichukua, mama alimkabidhi kwa mikono miwili na kuapa kwamba hakulifungua hata kidogo. Jumanne Profesa alikuwa kaka. Leo alikuwa mheshimiwa.

Tuwe wakweli, vyakula vya bure Profesa alishakula vingi. Safari hii alikuwa na jambo zito zaidi. Alikuwa amemposa dada wa rafiki yake kinyozi, mwanamke mshonaji mwenye cherehani tatu na macho yasiyokosea kipimo, naye aliahidi kumjibu Ijumaa hiyo. Profesa alimpenda kweli. Nalisema wazi kwa sababu, kati ya yote aliyomweleza mwanamke yule, hilo peke yake halikuwa uongo. Mengine, pamoja na miaka mitatu ya kusomea upishi Italia, aliyatoa kichwani.

Ijumaa Profesa, kinyozi na dada yake walipokelewa kama wakwe. Mgahawa ulikuwa chumba kimoja chenye meza nane, vitambaa vya drafti nyekundu, mishumaa iliyochomekwa kwenye chupa, na viti vilivyobanana kiasi kwamba ukicheka unampiga jirani kiwiko. Ikaja mikate ya kitunguu saumu, zikaja tambi, ikaja lasanya inayochemka pembeni. Kinyozi alilegeza mkanda tundu la kwanza, halafu la pili.

"Profesa, hawa wamekujulia wapi?" akanong'ona.

"Watu wa fani tunatambuana, shemeji."

"Shemeji bado," kinyozi akamkumbusha, akivuta sahani.

Mshonaji alikuwa anakula kidogo na kutazama sana. "Mama," akamwita mwenye mgahawa, "mpishi wenu ni Mwitaliano kweli, kama mlivyoandika mlangoni?"

"Wa kuzaliwa hukohuko."

"Basi mwite. Huyu mwenzetu alikaa huko miaka mitatu. Nataka niwasikie wakiongea."

Mama akapauka. Profesa akapaliwa na tambi. Kila mmoja alikuwa na sababu zake. Za mama ni kwamba mpishi alikuwa shemeji yake, fundi mpaka rangi za nyumba aliyejifunza kupika kwa kutazama simu, akavishwa kofia ndefu ili watu wasiulize maswali.

Alitoka jikoni akifuta mikono, akasimama mbele ya Profesa. Meza zote zikageuka kutazama.

"Spageti," alisema Profesa, akiinamisha kichwa.

Mpishi alimtazama kwa muda. "Makaroni," akajibu kwa huzuni.

"Mozarela kapuchino?"

"Kapuchino, kapuchino," mpishi akakiri, mkono kifuani. "Salami."

Kinyozi alikuwa karibu kulia. "Anasema nini?"

"Amemkumbuka mama yake," Profesa akatafsiri.

Hapo ndipo alipojichongea. Mama yake mpishi alikuwa anakaa mtaa wa pili, na walikuwa wamekunywa chai pamoja asubuhi. Mpishi akajua kwamba mtu huyu hajui Kiitaliano hata cha kuombea maji. Akarudi jikoni na mama mwenye mgahawa, wakanong'onezana, na mama akatoka akipiga makofi.

"Wageni wangu, leo tuna bahati. Mheshimiwa amemwambia mpishi kwa Kiitaliano kwamba hawezi kukaa anakula huku mwenzake anataabika. Anaingia jikoni mwenyewe."

"Mimi sikusema hivyo," Profesa akaanza.

"Aa?" mama akauliza kwa upole. "Kumbe ulisema nini?"

Profesa akamtazama mshonaji, akainuka. Akavishwa aproni.

Meza zote nane zilikuwa zimejaa. Profesa alikanda unga, akamenya vitunguu na kupata kisingizio cha kulia, akasugua masufuria yaliyokuwa yanamsubiri tangu mchana. Kupitia dirisha la kupitishia sahani alimwona mpaka rangi amekaa kwenye kiti cha Profesa, anamalizia lasanya ya Profesa, na mshonaji anacheka mpaka anajifuta machozi. Akaona wivu. Alitaka kupaza sauti kwamba yule ni mwongo, lakini ushahidi wote aliokuwa nao, Kiitaliano kile cha makaroni, ulimfunga na yeye.

Mwishowe mshonaji akaja dirishani.

"Mpishi ametueleza," akasema taratibu. "Ni mpaka rangi. Nilimuuliza mara moja tu, akasema. Na wewe, huko Italia ulisoma mji gani?"

Unga ulikuwa umemfika kwenye nyusi. Nafasi ya kusema kweli ilikuwa hiyo, pana kabisa, na aliyeuliza hakuwa na hasira.

"Miji ilikuwa mingi," alisema Profesa.

Mshonaji akashusha pumzi. Akanyoosha mkono dirishani, akamfuta unga shavuni kwa kidole gumba. "Nilikuahidi jibu leo." Kisha akamwambia maneno marefu, laini, yasiyokuwa ya lugha yoyote niijuayo mimi, akipandisha sauti katikati na kuishusha mwishoni, macho hayabanduki kwake.

"Umenielewa?"

Profesa alitaka kuuliza. Alitaka kweli.

"Neno kwa neno," akasema.

"Vizuri. Basi iwe hivyo hivyo."

Akachukua mkoba wake, akamshika kaka yake mkono, wakatoka. Profesa akamgeukia mpaka rangi, aliyekuwa anaingia na rundo la sahani.

"Amesema nini? Ndiyo au hapana?"

"Wewe ndiye uliyesoma huko," akajibu mpaka rangi, na kumsogezea sufuria nyingine.