Ukitazama kwa Mbele Yamenyooka

Jumatatu, 3 Juni

Leo Bosi katangaza: kiti cha mkuu wa chumba cha michoro kinapata mwenyewe wiki hii. Tunaokigombania ni wawili tu. Wa kwanza ni mimi, miaka kumi na moja karakanani, nachora makabati na milango kwenye kompyuta kabla Fundi hajakata mbao. Wa pili ni Milimita. Kaja juzi, miezi mitatu haijatimia, na hasogezi hata kitasa bila kuandika namba. Akitaka vitu vikae mstari mmoja, anabonyeza kitufe cha Linganisha. Kitufe! Mimi natumia jicho. Jicho ni kipaji, kitufe kila mtu anacho.

Kazi ya mtihani ni jiko la mama mkwe. Nimeileta mwenyewe, sikukaa bure. Jiko la zamani limeshavunjwa, mama wa watu anapikia barazani, moshi wote machoni. Mke wangu kanionya nisije nikamfanyia mama yake vituko. Vituko! Mimi? Lini?

Jumanne, 4 Juni

Makabati sita ndani ya asubuhi moja! Nimeyatazama kwa mbele, nikayasogeza moja moja kwa kipanya, jicho moja nimelifumba. Yamenyooka utadhani yamechorwa kwa rula. Bosi kapita, kasimama, kasema safi. Kichwa kimevimba, sioni haya kukiri.

Milimita kauliza kama nimeyatazama na kwa juu. Nimemjibu kwamba mama mkwe hatapika akiwa ananing'inia darini. Chumba kizima kimecheka. Yaani mimi na Bosi.

Jumatano, 5 Juni

Neno la Milimita lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Alipotoka kwenda kula, nikaugeuza mchoro nikautazama kwa juu. Mungu wangu! Kabati la kwanza liko ukutani, sawa. La tatu liko katikati ya jiko. La sita limesimama mlangoni, linazuia watu wasiingie. Kumbe ukitazama kwa mbele huwezi kujua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Vyote vinaonekana bega kwa bega.

Nikasema isiwe taabu, ngoja nijaribu hicho kitufe chao. Nikachagua kila kitu, nikabonyeza Linganisha. Kompyuta ikauliza vifuate kitu gani. Nikabonyeza harakaharaka, kumbe nimegusa bomba la sinki. Loo! Kuta, madirisha, jokofu, makabati, hata paa, vyote vikarundikana ndani ya bomba. Nyumba nzima ya mama mkwe imeingia kwenye bomba la maji! Nimetendua mara thelathini na ushee, mpaka kila kitu kikarudi kwenye makosa yake ya jana. Nikashukuru.

Ningeweza kumwomba Milimita anionyeshe. Ni dakika mbili tu. Afadhali nitafune kipanya.

Nimepata mbinu nyingine. Kesho Bosi na mama mkwe wataona sura ya mbele, basi. Nani kasema lazima waone zote?

Alhamisi, 6 Juni

Nimeng'ara! Mama mkwe kaja karakanani na nguo zake za kutokea. Nimemwamkia kwa adabu zote, nimemkalisha kwenye kiti cha Bosi, nikawasha skrini. Akausogeza uso karibu na skrini. Kisha akapiga makofi, akasema kweli binti yake alipata mume. Miaka tisa ya ndoa, leo ndiyo kwanza nalisikia neno hilo. Nusura nilie, sisemi uongo.

Milimita kaomba niugeuze mchoro kidogo. Nikasema kipanya kimekufa. Na kweli kilikuwa kimekufa, betri yake ilikuwa mfukoni mwangu.

Bosi kanipa kiti palepale! Sijakikalia vizuri, Fundi huyo kwenye simu, sauti yake inasikika chumba kizima. Kuna kitu kimoja nilikisahau: vipimo vya kukatia mbao havitoki kwenye picha, vinatoka kwenye mchoro wenyewe. Na kaunta yangu, ule ubao wa juu wa kuandalia chakula, inafunika makabati yote sita, kuanzia ukutani mpaka mlangoni. Fundi kauliza kama ni kweli ina kina cha mita mbili na nusu. Bosi kanikodolea macho. Mama mkwe kanikodolea macho. Jasho likanitoka hadi kwenye kope. Nikajikaza, nikajibu kwa sauti ya mkuu wa chumba kwamba huo ndio mtindo wa kisasa, akate.

Jumamosi, 8 Juni

Siwezi kuandika. Basi naandika.

Kaunta ililetwa vipande vitatu, ikaungwa humohumo jikoni. Mama mkwe alikataa kutoka. Alitaka kuiona ikifungwa, akasimama kwenye kona ya jiko la gesi, anatabasamu. Fundi akakaza parafujo ya mwisho. Ndipo sote tuliosimama mlangoni, mimi, Bosi na Milimita, tukaona. Kaunta imelijaza jiko lote! Hapana pa kukanyaga, na mama mkwe yuko upande wa pili.

Ilibidi atoke kwa kutambaa, chini ya kaunta, katikati ya makabati. Mama mkwe! Anatambaa mbele ya mkwewe! Niligeuka nikatazama ukuta. Nimeutazama ukuta ule mpaka najua kila ufa. Alipoinuka, magoti yamejaa vumbi la mbao, hakugomba. Aliuliza tu, kwa upole, kama aendelee kupikia barazani. Heri angenizaba kibao.

Milimita kafungua kompyuta yake juu ya kaunta, kaligeuza jiko kwa juu, kayachagua makabati, kabonyeza Linganisha, kagusa ukuta. Sekunde nne. Bosi katazama zile sekunde nne, kisha kanitazama mimi. Kiti kimekwenda kwa Milimita.

Nimemwomba mke wangu chumvi, kaisukuma kwa kijiko.

Jumatatu, 10 Juni

Mkuu mpya kaniita mezani kwake. Nilidhani atanisimanga. Wapi! Kanionyesha taratibu: vitu vilinganishwe kwa mbele, kisha kwa ubavu, kisha kwa juu. Nimeitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mawazo yalikuwa kwa mama mkwe. Jiko lake linyooshwe na mtu baki, nami mkwewe nipo hai? Hata kidogo.

Nimekaa nikajipima kwa haki, bila kujipendelea. Kosa langu lilikuwa moja tu: nilitazama kwa mbele, wakati nilipaswa kutazama kwa juu. Basi! Milimita alipotoka kwenda kula, nikaufuta mchoro wake, nikachora wangu upya. Kwa juu, mwanzo hadi mwisho. Jicho moja nimelifumba. Kaunta imekaa ukutani sawasawa, hata unywele hauchomozi. Kwa mbele sikuangalia, ya nini tena? Nimeupeleka kwa Fundi kabla hajarudi mtu.

Fundi keshapiga simu. Kauliza kama mama mkwe ana ngazi ya kumfikisha kwenye sinki. Nimemjibu kwamba ngazi itapatikana, aanze kukata.