Fuwele za Shaba Katika Mikorosho ya Bi Asia

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji cha Mahurunga, na mkeo mkubwa, na mkeo mdogo. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Mapokezi, Kamati Ndogo ya Viti na Kamati Maalumu ya Pilau. Shehe wetu na padri wetu. Madereva wa bajaji mlionitoa Chuno. Stekiholda wote, na wewe ambaye sijakutaja, usinune, umo moyoni: mimi, Fadhili Chitanda, Mratibu Mkuu Mwandamizi wa Projekti ya Fuwele za Shaba, Ukanda wa Ruvuma, niliyemaliza darasa la saba kwa kishindo ambacho walimu wanakisimulia mpaka leo, nawasalimu. (Makofi. Mbuzi analia.)

Ndugu zangu, fuwele hii si kipande cha chupa. Ni oksidi ya shaba iliyochanganywa kitaalamu, na ikipozwa sana inapitisha umeme bila kupoteza hata chembe, na hayo mambo ya kupoza yasiwatishe, barafu ya samaki pale feri ipo. Mimi niliishika kwenye semina, umeme ukaingia kidole hiki, ukaenda kuichaji simu ya mke wangu nyumbani, ikajaa! (Sauti: "Muongo huyo!" Vicheko.)

Inakuzwaje? Unashindilia unga wake uwe fimbo, unaichoma, unaining'iniza, chini yake unasimamisha fimbo ya pili, kisha unamulika taa kali kwa vioo mpaka zinapokutana panayeyuka. Ule uji wa moto unaelea hapo katikati, haushikwi na chungu, maana chungu kingeuchafua. Unazisogeza fimbo taratibu mno, milimita moja kwa saa, na fuwele inabaki nyuma. Umeme ukikatika, umeumia.

(Bi Asia Nangumbi, mwenye shamba hili, anasimama: "Mheshimiwa, misimu miwili mmenikataza kupulizia dawa ya salfa mikorosho yangu, eti vumbi litachafua fuwele. Ugonjwa wa ubwiri unga umemaliza maua. Ya mwaka huu hayo yametoka. Nipulizie lini?")

Swali la kisomi, mama. Kwa mujibu wa makubaliano, utapulizia siku projekti itakapokamilika asilimia mia. Kaa, mama, kaa.

(Sauti: "Tanuru lenyewe liko wapi? Tunaona bango tu!")

Hapo ndipo ninapowahurumia wasiosafiri. Wenzetu wa ughaibuni walifika kwenye kuondoa chungu, wakachoka. Sisi tukafanya apgredi: tukaondoa tanuru, tukaondoa jengo, tukaondoa na umeme, sasa ukatike usikatike sisi hautuhusu! (Makofi upande wa Kamati ya Pilau.)

(Sauti: "Sema tu hamjafika hata nusu!")

Nusu? Mimi, Chitanda, unisimamishe nusu mbele ya wake wa mwenyekiti? Ismaili, lete kamera hapa. Natamka rasmi kwamba projekti hii imekamilika kwa asilimia mia na nne!

(Bi Asia: "Umesema imekamilika?")

Na chenji imebaki, mama!

(Bi Asia: "Mmesikia wote? Baba Rukia, washa!" Mashine ya kupulizia inanguruma nyuma ya bango. Unga wa manjano unapanda mikoroshoni, unashukia meza kuu. Vigelegele.)

Huo ndio... huo ndio utekelezaji! Fuwele hoyee! (Hoyee, na kikohozi.) Shaba juu! Vumbi... vumbi chini!

Kabla hatujakimbia, shukrani. Namshukuru fundi Petro aliyechora bango. Namshukuru kinyozi wa Chuno aliyetuazima kioo cha kumulikia, leo tunakirudisha. Namshukuru yule mgeni asiyenijua, ambaye picha ya tanuru lake ndiyo tuliyowaonyesha mwaka juzi. Na kwa namna ya pekee namshukuru Bi Asia, maana tangu projekti ianze, kitu pekee kilichoota hapa ni maua yake. Asante, mama. Sasa mwambie mzee wako ageuze hiyo mashine, suti ni ya kuazima.