Tabasamu la Mkuu wa Kisiwa

Jumatatu, 3 Machi

Kisiwa ni chetu. Nchi jirani nayo inadai ni chake. Ni jiwe lenye majani, mbuzi kumi na mmoja na ajuza mmoja mwenye mbuzi hao, lakini chetu ni chetu. Leo mkurugenzi wa Idara ya Mipaka ametuambia kwamba kesi itasikilizwa mwezi ujao, na majaji wanataka ushahidi kuwa tunakitawala. Mwanasheria wetu, tunayemwita Kamusi kwa sababu hajui neno fupi, akazungumza nusu saa. Hakuna aliyeelewa. Mimi, karani wa ramani kwa miaka kumi na tisa, nimeelewa jambo moja: kisiwa kikitawaliwa, lazima kiwe na mtawala. Kamusi hana sura ya utawala. Mimi ninayo.

Jumanne, 4 Machi

Mkurugenzi amekubali mpango wangu. Nitakwenda kumwandikisha ajuza uraia na kusimika kibao. Kamusi akataka kuja. Nikasema mashua ni ndogo. Si ndogo. Mke wangu ameuliza nitafikaje, mimi ninayetapika hata kwenye kivuko. Nikamjibu kwamba wakuu hawatapiki. Akacheka mpaka akaketi.

Kibao nimekiandika mwenyewe. Jina la nchi kwa herufi ndogo, “Mkuu wa Kisiwa” kwa kubwa. Cheo bado sijapewa. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nimeinama miaka kumi na tisa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimetapika mara nne. Nahodha alihesabu kwa sauti.

Ufukweni nikamkuta afisa wa jirani, sare imenyooshwa pasi, meza yake chini ya turubai. “Pole na safari, mzee wangu. Karibu. Naomba pasipoti.” Nikampa. Mwenye sare akiomba kwa adabu, mstaarabu hutoa. Akagonga muhuri, akanipiga picha. Nikatabasamu. Maskini, hakujua kwamba amesimama kwenye ardhi yangu.

Ajuza akanipa maji nisukutue, kikombe kizima kutoka ndoo isiyofika nusu. Nikatoa fomu. Yeye akatoa mkebe: kitambulisho chetu, na kitambulisho chao, vyote vimechakaa. Nikamuuliza basi yeye ni wa nani.

“Mwanangu, nyinyi mnakuja na karatasi, wale nao wanakuja na karatasi. Tangi langu limepasuka tangu mwaka juzi. Atakayeleta tangi, mimi ni wake.”

Nikamweleza kwamba mamlaka ya nchi hayapimwi kwa matangi. Akauliza kama mimi ndiye wa tangi au siye. Hana uzalendo hata chembe. Kibao nimekisimika. Mbuzi wakajikuna nacho, kikaanguka.

Jumamosi, 8 Machi

Gazeti la jirani, ukurasa wa kwanza. Mimi, meno yote nje, nakabidhi pasipoti. Chini yake wameandika kwamba hata maafisa wetu huomba ruhusa kuingia kisiwani. Kamusi amekuja mpaka nyumbani na gazeti lake. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake amepata neno fupi: “Umetuuza.” Mke wangu ameitazama picha, akasema walau shati lilikuwa safi.

Jumatatu, 10 Machi

Mkurugenzi hakunifokea. Alivua miwani, akaniambia huenda kesi imekwisha kabla ya kuanza. Jirani ameshampelekea ajuza tangi jipya. Nikakikumbuka kile kikombe. Ningeweza kuomba tangi wiki iliyopita, stoo yetu ina matatu. Nikajisikia vibaya. Kisha nikakumbuka kwamba mashua ilikuwa ndogo.

Ijumaa, 14 Machi

Nimehamishiwa stoo ya fomu, ghorofa ya chini. Kamusi anadhani nimekomeshwa. Hajui kwamba kati ya stoo yangu na ofisi ya mifugo kuna kipande cha ukumbi, chenye dirisha, ambacho hakimo katika ramani yoyote. Nimekitafuta asubuhi nzima. Hakina mwenyewe. Nikatoa kiti changu, nikaketi.

Karani wa mifugo, mama mmoja mpole, akatoka kunisalimia. Akasema karibu sana, akaniomba nijaze kitabu chao cha wageni: jina langu, saa niliyofika, na ninayekuja kumwona.

Nimejaza kwa hati yangu nzuri, ili ajue anashughulika na nani.