Ripoti Isiyo na Dosari Hata Moja

Nagpur,
Alhamisi, katikati ya Julai

Kwa Bwana Vasant Pathrikar,
Mkuu wa Pathrikar na Familia, Wapelelezi wa Wachumba

Bwana Pathrikar mwenye heshima zako,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na nyumba yako yote. Mimi ni Niranjan Deopujari, karani wa daraja la chini katika ofisi ya kumbukumbu za ardhi, yule kijana ambaye familia yako ilimpeleleza kwa wiki tatu kwa niaba ya Bwana Wadegaonkar, ili ijulikane kama anafaa kumwoa Bi Mrunal, binti wa marehemu kaka yake. Najua si kawaida ya mpelelezwa kumwandikia mpelelezi. Nimeiandika barua hii mara nne na kuichana mara tatu. Lakini Jumatatu mnaanza kunipeleleza upya, na jana niligonga muhuri wa serikali kwenye kisahani cha chai.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mkweo, Bwana Hemant, aliweka meza ya chai mbele ya lango la ofisi yetu ili anitazame. Sina neno na kutazamwa. Tatizo ni kwamba akiniona nimetokea husahau sufuria, maziwa yakafurika na kuzima jiko. Wenzangu wameshayazoea kama kengele. Yakifurika tu, mkubwa wangu Bi Sathe husema bila kuinua kichwa, "Haya, Niranjan katoka." Siku moja nilibaki ndani ya ofisi kwa sababu ya homa, Bi Sathe akanifuata mezani kwangu: "Hebu sogea dirishani kidogo, baba. Yule mtu wako ana wasiwasi, anamimina chai nje ya vikombe." Nikasogea.

2. Mama yako mzazi alipewa kazi ya kunifuata kwa miguu kutoka ofisini hadi nyumbani. Siku ya pili alinishika mkono pale kwa muuza machungwa, akaniambia, "Mwanangu, mimi nakupeleleza, lakini unakwenda kama unafukuzwa. Magoti haya yana miaka sabini na minane, yahurumie." Tangu hapo nilipunguza mwendo, na mvua ilipotukuta tulijikinga pamoja chini ya mwavuli wake mweusi. Mama yangu alipouliza kwa nini nachelewa, nilimwambia ukweli, kwamba nafuatwa. Akasema, "Na huyo anayekufuata umemwacha nje na njaa yake?" Bibi akaingia, akala. Amekula kwetu jioni kumi na moja.

3. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Jioni ya mwisho bibi alisahau miwani yake, akaniomba nimwandikie ripoti, yeye akitaja na mimi nikiandika. Niliandika kurasa zote sita kwa mwandiko wangu mwenyewe. Tulipofika kwenye mstari wa "Dosari" aliniuliza, "Unazo?" Nikasema kwa wakati ule sikumbuki. Akasema, "Basi andika hakuna, tule, chapati zinapoa." Bwana Pathrikar, mimi ni mtumishi wa serikali. Nimefundishwa kwamba mtu haandiki jalada lake mwenyewe.

4. Bwana Wadegaonkar ni mkaguzi mstaafu wa shule. Naambiwa aliisoma ripoti mara mbili, akavua miwani, akasema, "Kijana wa miaka ishirini na sita hana hata kasoro ya kuuma kucha? Huyu kaficha kitu kikubwa. Warudi wachimbe." Kwa hiyo kukosa dosari ndiko kumekuwa dosari yangu. Mkirudi tena na neno "hakuna", Bi Mrunal ataozwa kwa daktari wa meno wa Amravati, ambaye ninyi wenyewe mlimkuta na hasira za karibu na mapenzi ya karata. "Huyo angalau," naambiwa mzee alisema, "tunajua tunachopewa."

Ombi langu basi, kwa unyenyekevu wote, ni kwamba msichimbe. Ripoti ya nyongeza iwe na dosari moja, ya wastani, ambayo mzee anaweza kuishi nayo. Rafiki yangu wa masjala alinishauri niseme nacheza kamari, lakini hata karata sijui kuzichanganya, na nikiombwa nicheze mbele ya wakwe nitaumbuka. Badala yake naorodhesha hizi, zote za kweli, mchague moja:

(a) Nikishafunga mlango wa nyumba hurudi kuutikisa, mara tatu. Wiki ya mtihani wa kupandishwa daraja ilikuwa mara saba, na basi likaniacha.

(b) Naogopa mbuzi. Hasa yule mweupe wa nyuma ya hekalu. Bibi ni shahidi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimfukuza ili mimi nipite na yeye aendelee kunifuata.

(c) Nilipokuwa darasa la nane nilikula jalebi, zile tamutamu za sadaka, kabla hazijafika hekaluni. Zilikuwa mbili.

Nawasihi msipoteze nguvu zenu kwingine. Jumatano jioni, kwa mfano, huwa niko maktaba, nasoma tu. Bibi alikuwapo Jumatano zote tatu na hakuona lolote. Na Bi Mrunal mwenyewe sijapata kumtia machoni, isipokuwa kwenye ile picha aliyoileta mshenga, akiwa amesimama kando ya jokofu. Kwa hiyo upande huo hakuna cha kuchimba kabisa.

Unifikishie salamu kwa mkeo. Bwana Hemant umsalimie na umwambie apunguze moto mapema, na tangawizi aiponde, asiikate vipande. Bibi umwambie kwamba Jumatatu mama anapika biringanya za kujaza, kwa hiyo akinifuata asikawie njiani.

Nabaki kuwa mtiifu wako unayempeleleza,

Niranjan Deopujari

Nyongeza: Pamoja na barua hii naurudisha mwavuli wa bibi, aliousahau maktabani ile Jumatano ya mwisho alipopitiwa na usingizi. Mrunal anasema kijiti kimoja cha mwavuli kilikuwa kimeshavunjika alipouokota chini ya kiti, msije mkadhani ni yeye. Anaomba radhi pia kwamba hatukumwamsha bibi. Alikuwa amelala vizuri mno, tukaona tuhamie meza yetu ya dirishani kama Jumatano nyingine zote. Ameisoma barua hii ili kunisahihishia nukta, na ushauri wake ni kwamba mwandike dosari ya mbuzi, kwa kuwa hiyo anaweza kuithibitisha mwenyewe: mwaka juzi yeye ndiye aliyemshika pembe nikapita.