Mwanaanga Asiyekufa

Jumatatu, 4 Machi

Kichwa changu kingeuzwa kwa kilo, dunia nzima ingefilisika. Shule niliiacha kidato cha pili kwa sababu ilikuwa inanichelewesha.

Leo nimemaliza kuukarabati mchezo wa video wa kale wa Mjomba. Mwanaanga anakimbia kwenda kulia juu ya sayari, anapiga risasi wadudu wa chuma, na picha inasogea yenyewe. Ukizubaa inakusukuma. Zamani mwanaanga alifanana na kipande cha sabuni. Sasa ana kofia inayong'aa na nyota zinapita nyuma yake. Wapenzi wa mchezo huo mtandaoni walinielekeza. Kidogo tu.

Mjomba kasema rangi nipake nitakavyo, ila mchezo wenyewe nisiuguse. Ameucheza tangu enzi ana nywele. Nikiuharibu, chumba chake cha michezo nisikikanyage tena. Nimeapa.

Jumanne, 5 Machi

Miwani, binti wa Mjomba, kasema mbele ya wateja kwamba kupaka rangi najua, ila nacheza kama kuku mwenye mafua. Jumamosi mchezo unafunguliwa, tuone nani atafika mbali. Nimemshauri aje na leso.

Jumatano, 6 Machi

Nimeugusa mchezo wenyewe. Sasa mwanaanga akipigwa risasi, damu yake, yaani uhai wake mchezoni, haipungui. Kiapo? Niliapa nikiwa nimesimama. Hili nimelifanya nimekaa.

Nikishamshinda Miwani nitarudisha kila kitu, asijue mtu.

Jumamosi, 9 Machi

Chumba kilijaa. Hata kinyozi wa jirani alifunga kazi, akaja na kitana sikioni. Sheria ya hapa imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu: UKIFA, MPISHE MWENZAKO.

Nilianza mimi. Wadudu wakanimiminia risasi, mimi nasonga mbele kwa kidole kimoja huku najikuna shingo. Watu hoi kwa mshangao. Halafu shimo. Shimo la kwanza kabisa. Risasi nilizizuia, mashimo sikuyakumbuka. Nikatumbukia na kofia yangu inayong'aa.

Kinyozi akauliza kama hapo ndipo palipoboreshwa.

Akakaa Miwani. Kuruka anajua. Kufa ndiyo hivyo tena, haiwezekani. Asubuhi ikaisha, mchana ukapita, foleni ikanuna. Kinyozi akalalamika kwamba binti ana roho ya paka, na yeye ana vichwa vinamsubiri. Mjomba akasogelea kioo. Akasema mdudu wa darajani alimtesa yeye ujana mzima, mbona huyu anamtekenya tu. Jasho likanitoka mpaka nyayoni. Nikajiona nje, mlango umefungwa.

Kumbe Miwani alikunywa soda mbili. Goti likaanza kumtetemeka. Akavumilia, akavumilia, mwisho akaachia vitufe na kukimbilia msalani. Picha haimsubiri mtu. Ikamsukuma mwanaanga taratibu mpaka shimoni. Sijawahi kufurahia kifo namna ile.

Nikawaambia mashine imepata moto, ipumzike kidogo. Wakatoka kunyoosha miguu. Nikairudisha damu ilivyokuwa. Kisha kinyozi akakaa, akafika darajani, mdudu akammaliza. Mjomba akacheka mpaka akashika ukuta, akasema naam, huo ndio mchezo wake. Nikapumua. Nadhani sikuwa nimepumua tangu asubuhi.

Jumapili, 10 Machi

Miwani kanivuta pembeni. Alijua tangu mwanzo kwamba risasi hazimwumizi, akanyamaza kwa kuwa kiti kilikuwa kitamu. Kasema, binamu, siri yako ninayo. Sharti lake, mwanaanga awe mwanamke na avae miwani. Nimekubali mbio mbio.

Mjomba naye kanipa mchezo mwingine niukarabati, mkongwe kuliko ule. Kanishika bega, kasema vijana waaminifu kama mimi wameadimika. Nikamwambia ni kweli.

Nimeshaanza kazi. Safari hii nafukia mashimo kwanza. Mpango wangu wa Jumamosi haukuwa na kasoro yoyote, wala sina la kujutia. Kilichoharibika ni kimoja tu, na nakiandika hapa kwa kuwa hapa hasomi mtu: sijui kuruka.