Nani Anaibana Suruali Yangu?

Jumatatu, 6 Oktoba

Bila mimi mji huu ungetembea uchi. Nimeshona suti za majaji wanne, na mmoja alikiri kwamba bila suti yangu angeshindwa kesi. Mtu kama huyo ndiye leo daktari kamwambia ini limejaa makovu, limekakamaa kama kola ya kanvasi, na maji yameanza kujaa tumboni! Marufuku soda. Marufuku sukari kwenye chai. Chumvi kidogo. Nile kidogo kidogo, nisikae na njaa, nipime kiuno kila asubuhi. Leo ni sentimita mia kamili. Ijumaa kikizidi mia na mbili, nalazwa.

Mke wangu alikuwa akiitikia kwa kichwa, tena upande wa daktari. Nimemwona. Wamepatana lini hawa?

Nikilazwa, Sindano atakalia mashine yangu. Huyu ni fundi wa meza ya jirani, mshono wake umepinda kama njia ya mlevi, na macho hayamtoki kwenye sare zangu mia tatu za shule. Leo kaniuliza hali mara mbili. Mara mbili! Wa nini wema huo?

Jumanne, 7 Oktoba

Mke kafungia sukari kabatini, ufunguo kautia kifuani. Huko hata polisi hawapekui. Chai nimeinywa hivyohivyo. Ladha ya maji yaliyofulia kaki.

Nimetumia akili. Hospitalini mgonjwa hutundikiwa dripu ya glukosi. Glukosi ni nini? Sukari! Yaani wao wakiipitisha mshipani ni dawa, mimi nikiipitisha mdomoni ni kosa? Kuna jambo wanaficha. Nimenunua robo kilo nikaificha kwenye kopo la vifungo pale kazini. Na soda mbili. Dripu ya mdomo.

Jumatano, 8 Oktoba

Sisimizi! Mstari mnyoofu kuliko mshono wowote wa Sindano, toka mlangoni hadi kwenye kopo langu. Naye kwa makusudi kaniuliza mbele ya wateja, eti bosi, vifungo vyako siku hizi vinaiva? Watu wakacheka. Nikawaambia ni vifungo vya mfupa, na sisimizi hupenda mfupa. Kawatuma yeye, sina shaka.

Kufika nyumbani, mke anajua kila kitu. Dada yangu naye kapiga simu, analia. Kasema tulimzika kaka kwa ubishi huuhuu, na yeye hana machozi ya kumzikia wa pili. Nikamjibu kwamba kaka hakuwa fundi. Akakata simu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Suruali ya kijivu imebana. Ya bluu imebana. Ya kaki imegoma kabisa, kifungo kimeruka kikagonga redio. Siku tatu tu! Hapa pana mkono wa mtu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ndiyo kazi yangu. Wanazipunguza kiunoni nikienda kuoga: mke anashika kitambaa, Sindano anashona, ili nitishike niache sukari.

Wamekutana na mkubwa wao. Nimezifumua zote tatu, nikaongeza sentimita tano kila moja. Zimekaa, raha mustarehe. Kiuno nikapima kwa tepu yangu ya zamani ya kitambaa, iliyovutwavutwa miaka ishirini. Tisini na tisa! Mke kafurahi, masikini, akanishika shavu kama siku za uchumba.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nesi katoa tepu ya plastiki, mpya. Mia na tano. Nikaomba niikague. Sentimita zake fupi, si kama za zamani.

Mke akapitisha kidole ndani ya kiuno cha suruali yangu ya kaki, akakuta uzi mpya. Miaka ishirini na tatu na fundi, naye kajifunza kusoma mshono. Akauliza, baba watoto, hapa ulikuwa unamdanganya nani? Akakaa kwenye benchi akanipa mgongo, mabega yanatikisika.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimelazwa kitanda cha dirishani, kama inavyostahili. Jana wamenitoa maji tumboni, ndoo nzima! Wadi yote ilisimama kutazama.

Sindano kaja. Kasema sare zangu anazishonea kwenye mashine yake, yangu kaifunika shuka isiingie vumbi, na jina litabaki langu. Kisha akaikunja suruali yangu ya kaki vizuri, akaiweka kando ya mto wa kitanda. Anataka nini huyu?

Dakika kumi hazijapita, sisimizi wanapanda mguu wa kitanda. Mstari mnyoofu! Nesi kauliza wanafuata nini. Nikamwambia amuulize Sindano, ndiye aliyeishika suruali mara ya mwisho.

Lakini shajara haina mdomo. Pindo la mguu wa kushoto lina sukari, vijiko sita. Niliishonea mwenyewe Alhamisi, baada ya kufumua viuno vyote vitatu na kukuta mshono wangu wa zamani, mzima, haujaguswa na mtu.